Pumzi ya Bibi Sumire

Tatsuhiko alinusa ulaji siku aliyomsikia Mzee Hirosawa akilalamika kwamba masikio yake yamezeeka. Mzee huyu alikuwa na mkahawa wa kusikiliza muziki pale Koenji: viti kumi na kimoja, spika mbili kubwa kama kabati, na ukinong'ona muziki ukipigwa unatolewa nje hata kama kahawa hujaimaliza. Tena alikuwa amejisimikia nguzo yake mwenyewe ya umeme, eti umeme wa majirani unachafua sauti. Mtu wa namna hiyo, jamani, ukishindwa kumtapeli, rudi kwenu ukalime viazi.

Tatsuhiko alitaka kitu kimoja tu: santuri ya piano ya marehemu mke wa mzee, Bibi Sumire. Zilitolewa mia tu, na tajiri mmoja wa Yokohama alikuwa ameapa kutoa chochote ili apate moja.

"Mzee wangu, nimepata utepe wenyewe wa studio," alisema, sauti laini kama siagi. "Nimeuweka kwenye faili. Vipimo vya sauti laki moja na elfu tisini na mbili kila sekunde! Santuri yako inakupa piano. Hili linakupa mpaka pumzi ya bibi."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mpaka pumzi yake?"

"Utadhani amekaa hapo ulipo."

Ukweli, na tuuseme sisi maana yeye hakuthubutu: faili lile lilikuwa muziki uliodokolewa mtandaoni, umeshabanwa ukabaki mifupa. Tatsuhiko aliuvimbisha tu kwenye kompyuta, ukawa mkubwa mara ishirini. Sufuria ilijaa maji, nyama ikabaki ileile.

Aliucheza kwa kimashine chake cha mfukoni cha kupigia muziki, kitu pekee maishani mwake alichokinunua kihalali, na alichokuwa analala nacho. Mzee akafumba macho. Tatsuhiko alipofungua mdomo aongeze chumvi, mzee akainua kidole kumzuia. Ulipofika wimbo wa tatu, machozi yakamtoka mzee.

Amekwisha, Tatsuhiko akawaza, akajionea fahari.

"Nimesikia nilichotaka kujua," mzee alisema mwishoni, akifuta uso. "Ila nitalisikilizia kwenye nini, kijana? Mashine kama hiyo sina."

Roho ilimuuma Tatsuhiko. Alikitazama kimashine chake, akaikumbuka Yokohama. "Chukua na mashine, Mzee wangu. Nipe santuri tu, hiyo imeshapitwa na wakati."

Mzee akaileta. Tatsuhiko akaikagua kwenye mwanga: haina hata mkwaruzo, namba thelathini na nane.

"Lete niifunge," mzee akasema. "Kitu cha Sumire hakitoki humu uchi."

Aliingia nyuma ya pazia, akakawia kidogo, akarudi na kifurushi cha kitambaa cha zambarau, fundo lake kama ua. Alikitoa kwa mikono miwili, akainama. Tatsuhiko akakipokea kwa mikono miwili, akainama zaidi. Kukifungua mbele ya mwenyewe, utovu wa adabu ule? Thubutu! Hata tapeli ana mama aliyemlea.

Alikifungua kwenye treni. Ndani mlikuwa na santuri kweli, ya mazoezi ya viungo, yale yanayopigwa redioni kila asubuhi watu wayafuatishe. Juu yake palikuwa na barua.

"Kijana, masikio yamezeeka, lakini santuri ya Sumire nimeisikiliza kila siku kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya wimbo wa tatu anavuta pumzi, maana kidole kilikuwa kinamuuma. Kwenye faili lako hapumui. Hicho ndicho nilicholilia. Mashine yako ni nzuri mno, asante. Zoezi la kwanza ni kunyoosha mikono juu."

"Mama yangu!" Tatsuhiko alipiga kelele, na behewa zima likamgeukia.

Treni ikasimama Yokohama. Tajiri alikuwa pale kwenye jukwaa, na ameshavaa glovu nyeupe za kushikia santuri.