Bakuli Lililojaa la Mzee wa Mafaili

Jumatatu, 10 Machi
Na ndiyo maana jana niliandika kwamba Sanzhar wangu anawashinda waume wote wa Astana! Wiki tatu za ndoa, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka. Kesi yake ya kwanza wizarani, tena kubwa. Kampuni ya migodi inatushtaki kwa mkataba uliosainiwa na Muungano wa Kisovieti. Msuluhishi wa kimataifa anayeamua kesi kasema nchi yetu iliurithi mkataba huo, kwa hiyo ana mamlaka juu yetu. Sanzhar anampinga mahakamani, huko Ulaya. Anahitaji shahidi mmoja tu: babu yake mdogo, aliyetunza mafaili ya serikali mwaka 1992, athibitishe kwamba hatukuandika popote kuukubali. Kwa mila yetu, mimi mke mpya sitamki majina ya wakwe wazee, hivyo namwita Mzee wa Mafaili. Asaini ushahidi wake kufikia Ijumaa, la sivyo Sanzhar ataingia mahakamani mikono mitupu. Mzee anasitasita. Dawa yake? Chai yangu!

Jumanne, 11 Machi
Balaa! Maandazi yalitoka laini kama mashavu ya mtoto. Mzee alipofika nikammiminia chai kidogo kidogo bakulini, kama heshima inavyotaka, mgeni aongezwe tena na tena. Bakuli la tatu, Sanzhar akatabasamu. Kile kishimo cha shavuni! Nikazubaa. Chai ikafika ukingoni. Na kwetu bakuli likijaa, mgeni ameambiwa kwaheri. Mzee alilitazama, akavaa kofia yake ya manyoya, akaondoka. Wifi yangu Botagoz alicheka mpaka akakaa chini. Eti, "Wifi, umemfukuza shahidi wa taifa!" Sanzhar hakula.

Alhamisi, 13 Machi
Mpango wa pili. Nikamwandikia Mzee kwamba aliyemimina ni Botagoz. Nikaongeza jibini kavu. Wa kupeleka? Botagoz, alikuwa anapita huko. Sikufunga bahasha! Kairudisha barua, akaniuliza kama Mzee ni kipofu, maana alikuwa ananitazama nikimimina. Jibini kala yeye.

Ijumaa, 14 Machi
Mzee ni mtu wa magharibi ya nchi yetu. Leo kwao ni siku ya kupeana mikono miwili na kusameheana ya mwaka mzima. Nikaenda asubuhi, mikono mbele, machozi tayari. Akaipokea yote miwili! Akasema aliondoka amekasirika, kisha akafikiri kama mtu wa mafaili. "Binti, birika la nyumba ile ni la mama mkwe wako. Wewe umeingia juzi. Nani kakwambia umelirithi? Huna mamlaka ya kunifukuza!" Akauliza kalamu iko wapi. Saa tano kasaini! Sanzhar alinizungusha hewani mbele ya Botagoz. Raha!

Jumapili, 16 Machi
Pingamizi letu litasikilizwa Mei, na Sanzhar anakwenda! Mama mkwe kaficha birika, mpaka nitulie. Sawa. Lakini nimefikiri. Kumbe bakuli lililojaa humwondoa mtu mara moja! Na msuluhishi mwenyewe anakuja Astana kwenye mkutano. Sanzhar kasema nisithubutu. Botagoz anaomba aje kutazama. Nimeazima birika la jirani, hilo halina ugomvi wa urithi. Nitamfuata hotelini kwake na maandazi ya moto, nimjazie mpaka ukingoni, atoke kwenye kesi yetu. Mwezi huu hauishi kabla sijamtembelea!