Mkate Ambao Daktari Thripp Lazima Aule

Jumatatu, 4 Machi 1889
Nimetoka ukumbini kumsikiliza Daktari Thripp. Mwanamume huyo! Anasema mkate mweupe ni ngano iliyonyang'anywa uhai, na sisi watu wa mtaa wa Bethnal Green tunanunua maiti. Madaktari wenzake wamemfukuza chamani mwao. Wapumbavu! Hao hao walinimezesha vidonge miaka na miaka, tumbo likabaki limefunga kama gereza. Yeye kanipa mkate wa unga usiokobolewa, maji na matembezi. Nikafunguka! Siandiki zaidi, ila nililia kwa furaha humo humo chooni.

Sasa katangaza mashindano ya kuoka mkate huo, Jumamosi. Mshindi ataketi jukwaani kando yake, naye daktari ataula mkate wake mbele ya watu wote. Lazima aule wangu. Jirani yangu Bi Pluckrose kaniambia nisijisumbue. Domo hilo!

Jumatano, 6 Machi
Nimeoka. Daktari husema unga wenye pumba uachwe uumuke taratibu. Nani ana muda wa kukaa kuutazama unga? Umetoka jiwe. Mume wangu Jabez kauliza kama najenga. Mkate mmoja tunauchovya kwenye supu. Wa pili kauweka chini kuzuia mlango usijifunge.

Ijumaa, 8 Machi
Akili ninayo! Unga mweupe, molasi nyeusi tamu ndani, uonekane wa pumba. Laini, kahawia kama farasi. Nimeupeleka kwa mwokaji wa mtaa, tanurini pamoja na mikate ya wenzangu, alama yangu juu. Bi Pluckrose kaunusa, kauliza tangu lini ngano inanukia peremende. Nikamwambia anuse kwapa lake.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu! Daktari kachukua kipande cha kila mkate, kakivurugia kwenye bakuli la maji. Wa Bi Pluckrose ukaacha pumba tele. Wangu ukaacha chai. Ukumbi mzima ukacheka.

Nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Kainama, kauliza polepole, bibi, tumbo linaendeleaje? Nikasema barabara, daktari. Kauliza, kwa mkate huu? Nikasema hapana, nyumbani nakula ule wako wa pumba, ila nikiuoka mimi unatoka jiwe. Macho yakamng'aa. Kasema uletwe. Jabez akaenda kuung'oa mlangoni. Daktari kaupangusa, kauchovya kwenye maziwa, kautafuna mpaka mwisho. Jino lilisikika hadi nyuma. Kasema huu ni wa kweli, ila bibi, unga uache uumuke! Wenzake wamfukuze mtu kama huyo? Nitawapiga kwa mwiko.

Bi Pluckrose ndiye aliyeketi jukwaani. Akae! Ulioliwa ni wangu.

Jumapili, 10 Machi
Mashindano mengine Pasaka. Usingizi umenipaa kwa kuwaza, na nimeigundua njia. Nitachukua unga mweupe, nitauchanganya na pumba zake zote zilizochekechwa, mpaka zijae bakuli lake. Atadhani ni unga usiokobolewa! Maskini daktari, hatajua kamwe kwamba nimemdanganya.

Na sitangoja uumuke.