Yai Jekundu Halijanigusa

Jumatatu, 1 Agosti 1983

Nimeandikishwa! Kikosi cha Mashariki, mgambo wa kijiji, mchezo wa mayai. Kauleta mkufunzi wetu Alois, yule aliyerudi kutoka vitani Uganda. Maganda yanajazwa maji ya udongo mwekundu, tundu linazibwa kwa nta. Kila Jumamosi pande mbili zinawindana mashambani. Yai likikupasukia, umekufa, unatoka.

Alois aliniamkia kwanza, kisha akauliza kama miaka sitini na nane si mingi kwa kazi hii. Nikamwambia nimewinda pofu porini kabla baba yake hajaota ndevu. Akaandika: Ngassa. Nimelisoma mwenyewe, herufi zote! Tangu mke wangu Eufrasia azikwe, sijaitwa mahali popote kwa jina.

Shemeji yangu Maganga, kaka wa marehemu, yuko Magharibi. Mzee yule hawezi hata kuinama afunge kiatu. Nitammaliza.

Jumatano, 3 Agosti

Siku ya tatu nakula mayai tu, nipate maganda. Nimerusha kumi na moja kwenye mlango wa ghala. Mlango haukuguswa. Moja limempata jogoo. Kisheria amekufa, lakini amekataa kutoka uwanjani.

Leo sijaongea na mtu isipokuwa huyo jogoo. Si neno. Askari hapigi soga.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekufa. Aibu!

Nilijipenyeza kwenye uzio wa minyaa, mahali pa akili. Utomvu ukanidondokea jichoni. Nikaruka. Mayai matatu yakapasuka mfukoni mwangu mwenyewe. Nikawaeleza kwamba hakuna adui aliyenipiga. Alois akasema, kwa heshima zote, mzee, nyekundu ni nyekundu.

Wafu hukaa kivulini nyuma ya ghala la pamba. Maganga alikuwa keshafika, wa kwanza kufa kijiji kizima! Akapaza sauti: "Karibu ahera, shemeji! Huku chakula kipo!" Mama Theopista, anayewapikia mgambo, akaniosha jicho kwa maziwa. Tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Maganga akasimulia jinsi dada yake Eufrasia alivyomkimbiza karani wa kodi kwa mwiko hadi mtoni. Nilikuwa nimesahau. Nikacheka kwa jicho moja. Tulikaa hadi ng'ombe wakarudi zizini.

Aibu kubwa. Haitatokea tena.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani wananiita marehemu. Tumsifu Yesu Kristo, marehemu! Habari za kaburini, marehemu? Watu kumi na wanne wamenisalimu. Nimewahesabu, niwajue maadui zangu.

Nilichelewa kuondoka, nikazunguka kanisa mara mbili. Hakuongezeka mwingine.

Jumamosi, 13 Agosti

Safari hii nimetumia kichwa. Kuna shimo waliloliacha wachimba dhahabu walipohamia Rwamgasa. Nimeingia asubuhi, nikajifunika mabua ya mahindi. Kimya kama jiwe.

Filimbi ya mwisho ikalia. Nikajua ni hila. Vicheko vikasikika huko ghalani. Hila! Kisha Maganga akapita juu akiita, shemeji, vita vimekwisha, toka ule, we mzee uko wapi? Aliita mara tatu. Sauti ilikuwa inakatika, ametembea sana. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nimetoka jua linazama. Ghalani hapakuwa na mtu. Maganda ya karanga tu, na jiwe moja limewekwa pembeni ya mengine, tupu, kama la kukalia.

Shati langu halina doa! Nimeshinda vita! Nikatafuta wa kumwambia. Nikamwambia jogoo.

Jumapili, 14 Agosti

Sikwenda kanisani, mgongo umegoma. Maganga kaja mwenyewe, kwa mguu, na michembe kwenye leso. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema nimsikilize vizuri: yeye hujipeleka mbele ya mayai kabla filimbi ya kuanza haijapoa. Makusudi! Anayekufa mapema anakaa na watu mapema. Akasema tangu dada yake aondoke, hata nyumba yake yeye imekuwa kimya, siku nyingine anakohoa ili asikie kitu. Jumamosi tufe pamoja, shemeji, yai moja moja, halafu tukakae.

Machozi yalimlengalenga. Nikamjibu sipokei ushauri wa maiti.

Akaacha leso mlangoni, akasema jiwe langu litakuwepo. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya minyaa. Anatembea polepole siku hizi.

Basi nimeelewa. Magharibi wananiogopa! Wamemtuma mzee mwenzangu anilegeze kwa machozi na michembe. Kwa Ngassa? Wamekosea mlango.

Nimekula yote. Halafu nikachukua jembe, nikaanza kuchimba shimo langu mwenyewe, mbali kabisa na njia. Hili ni refu kuliko mimi. Na hili litakuwa na mfuniko.