Saa Kumi na Nne za Mwanga

Jumatatu, 3 Novemba

Hiske Terpstra amepita dirishani saa moja na dakika arobaini, juu ya baiskeli, skafu nyekundu. Hakugeuka. Nadhani. Kulikuwa na ukungu. Kwetu hatufungi mapazia, kama majirani wote, kwa hiyo tangi langu la samaki na mimea ya majini huonekana hadi ng'ambo ya mfereji. Nawasha taa yake saa kumi na mbili asubuhi, nazima saa mbili usiku, nisimkose akienda shule wala akirudi. Tatizo ni mwani. Majani yameota ndevu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma sura ya nne ya kitabu cha matangi mara mbili. Mwanga mwingi bila hewa ukaa ni kualika wageni bila kupika. Mimea inashinda na njaa, mwani unanenepa. Dawa: chupa ya soda, sukari na hamira vitoe hewa hiyo, mrija hadi majini. Majani yatatoa viputo kama lulu. Jumamosi jaji wa chama cha wafuga samaki anakuja nyumbani kukagua tangi kwa mashindano. Jaji ni babu yake Hiske, na Hiske ndiye humwandikia alama. Atakuwa sebuleni kwetu dakika ishirini nzima! Nimeandaa mambo manne ya kumwambia. Matatu yanahusu mbolea.

Alhamisi, 6 Novemba

Viputo haba. Nimeongeza hamira mara tatu. Mama akauliza hamira yake ya mkate imekwenda wapi. Nikasema sijui. Chupa ikabwabwaja nyuma yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Samaki wote juu, midomo wazi. Mama akauliza kama wanaomba mvua. Sura ya tano: gizani mimea haili gesi. Chupa, hata hivyo, hailali. Nimechomoa mrija na kukoroga maji kwa mwiko hadi wakapata nafuu. Wote wazima. Hiske alipita wakati huo. Nilikuwa na nguo za kulalia.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamefika saa tisa. Mama akatoa kahawa na biskuti moja moja, akafunga kopo. Mambo yangu manne yakayeyuka. Bwana Terpstra akainama, akatazama ndevu za majani.

"Kijana, taa hii inawaka saa ngapi kwa siku?"

Nikasema nane.

Hiske hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Kumi na nne, babu. Nikienda inawaka, nikirudi inawaka. Na jana alikuwa anawakoroga samaki kama uji."

Babu akacheka hadi akakohoa, akanikata alama kumi na mbili. Akaniagiza: saa nane kwa siku, basi, na ile chupa niitupe. Nikaitikia vizuri.

Kumi na nne. Amehesabu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeutafakari ushauri wa jaji kwa makini. Mama anasema Jumanne Hiske hurudi kutoka kwaya saa tatu na nusu usiku. Nimesogeza muda wa kuzima taa hadi saa nne usiku. Nimeomba hamira kwa jirani. Mwani umeshafika kwenye kioo, pande zote nne. Nimesugua upande wa dirishani tu.