Kibao cha Mlangoni kwa Kinyozi

"Mambo yameiva!" Redio alitua kwenye benchi la Mama Birika hata hajasalimia. "Serikali imebadilisha elimu! Muhula ujao mtoto wa darasa la pili haendi la tatu mpaka asome maneno ambayo hajawahi kuyaona, halafu aeleze kwa maneno yake mwenyewe yanasemaje. Akishindwa, anabaki palepale!"

Huyu Redio ni fundi cherehani, ila habari anazitoa haraka kuliko nguo. Suruali yangu anayo tangu mvua zilizopita.

"Safi sana," akasema Mama Birika, akimimina chai. "Watoto wanapandishwa madarasa kama magunia, hakuna anayeuliza ndani kuna nini."

"Mimi hainihusu," akadakia Mashine, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, miguu kainyoosha. "Binti yangu yuko hilohilo la pili, anasoma kama mtangazaji! Mpaka mama mkwe nimeshamwambia anapanda."

"Na mteja uliyemwacha kitini?" nikamuuliza.

"Hana neno huyo. Na wanaokuja watakuta kibao, nimekitundika asubuhi."

Mara binti mwenyewe huyoo, katoka shule, mkoba mgongoni. "Shikamooni!"

"Marahaba. Mwanangu, hebu watoe ushamba hawa."

Mtoto akatoa kitabu, akasimama wima. "Paka wetu ni mweupe! Paka wetu anapenda maziwa! Paka wetu amelala mlangoni!"

Mashine akapiga makofi peke yake. Redio, kwa uchokozi wake, akafunua ukurasa mwingine, wenye picha ya tembo. "Na hapa?"

"Paka wetu ni mweupe! Paka wetu anapenda maziwa!"

Jamani! Mama Birika aliweka birika chini asituunguze. Mimi nilicheka mpaka nikateleza kwenye benchi.

"Tembo huyo, mama! Tembo!" Redio analia machozi.

Mashine hakucheka. "Mwanangu, unasoma au unaimba?"

"Mwalimu anasema, sisi tunaitikia. Tuko wengi, baba, na kitabu ni kimoja. Leo ndio zamu yangu kuja nacho."

"Basi hapandi huyu," Mashine akanong'ona, uso umemshuka. "Nitamwambia nini mama mkwe?" Nikamwonea huruma, kusema kweli.

"Enzi zetu tulielewa!" Redio akajipiga kifua.

"Haya, nipe ya darasa la pili," akasema Mama Birika.

Redio akasimama. "Bwana Kobe alikwea mlima!"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nimesimama, mikono nyuma: "Bwana Kobe alikwea mlima!"

"Alifuata nini huko?"

"Huko hatukufika," akasema Redio, akakaa.

Mama Birika akachuchumaa kando ya mtoto. "Achana na paka, mwanangu. Nisomee kile kibao mlangoni kwa baba yako. Taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Mtoto akakunja uso, kidole hewani. "Na... ku... ja. Sa... sa. Hi... vi." Midomo ikamcheza. Kisha macho yakamtoka. "Nakuja sasa hivi!"

Benchi zima likalipuka. Mashine akafuta macho kwa taulo la wateja.

"Bado!" Redio akainua mkono. "Sera ina sehemu ya pili. Kwa maneno yako mwenyewe, kinasemaje?"

Mtoto akakitazama kibao, akamtazama baba yake, akakitazama kikombe cha chai mkononi mwa baba.

"Kinasema baba yuko kwa Mama Birika anakunywa chai, na harudi mpaka jioni."

"Kapanda!" Mashine akamnyanyua juujuu, akalizunguka benchi mbio. "Mwanangu kapanda!"

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Akatoka mtu mzima na shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa inang'aa, nusu kichaka.

"Mpandisheni mpaka la nne!" akapiga kelele. "Mimi niliambiwa maneno hayohayo asubuhi, ndio kwanza nayaelewa!"