Viatu Ninavyovijua Kuliko Uso

Leo nimeanikwa. Kama samaki wadogo wa ndagala kabisa: juani, pande zote mbili, na wapita njia wananichagua.

Wanaonijua wanajua miye ni mtu wa nyumbani. Kazi, nyumba, redio, kitanda. Hapa kwetu Kasenga mbwa wa jirani hunibwekea nikitoka jioni, anafikiri ni mgeni. Na tabia hiyo, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa mtaji wangu wote wa kuoa.

Maana Dimanche, yaani Jumapili iliyopita, nilienda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Furaha. Nilifanya kama wajomba walivyonifundisha: baba mkwe hatazamwi usoni. Niliinamisha kichwa toka mlangoni mpaka kwaheri. Muda wa saa mbili nzima! Sura yake sikuiona hata kidogo. Lakini viatu vyake naweza kuvichora. Vya kahawia, ncha kali, cha kulia kina kamba nyeusi, cha kushoto kina kamba ya kijani.

Shangazi wa Furaha akaniuliza, "Sasa weye, siku ya kupumzika unaendaka wapi?"

Nikajibu kwa sauti ya kiongozi wa kwaya, "Siendake popote, mama. Mambo ya bar na magitaa ni ya watu walikosa kazi."

Kukawa kimya. Furaha akakohoa. (Nikadhani ni kimya cha kunistaajabia. Nikaongeza: "Kabisa!")

Familia ikasema jibu litatoka Dimanche inayofuata. Yaani kesho.

Leo mchana, saa nane, jirani yangu Bahati akasimamisha pikipiki mlangoni.

"Byamungu, panda! Kuko orchestre mbili kule Mulongwe. Gitaa ya kweli, hakuna mambo ya mashini."

"Kesho nangojea jibu ya bakwe. Mutu akiniona?"

"Nani atakuona? Weye, hata mama yako akikutana nawe ku barabara anakuuliza jina."

Ukweli una nguvu. Nikapanda.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, uko nyuma ya soko, na alama ya maji ya mafuriko bado iko ukutani, inafika kiunoni. Nilijificha nyuma ya nguzo na chupa yangu ya sucré. (Ndiyo, sucré. Soda ya machungwa.) Orchestre ya kwanza ilikuwa bendi ya vijana kutoka Luvungi. Wimbo wa kwanza, mguu wangu wa kulia ukaanza peke yake. Nikalishika goti. Mkono nao ukaanza.

Kisha wakapanda wazee. Watano. Mpiga gitaa la solo alikaa kwenye kiti, kofia imeshuka, miwani nyeusi, hatabasamu, hasemi. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji analalamikia mke aliyehamia ng'ambo ya ziwa, na mimi nikaanza kumlilia mke ambaye hata simjui. Halafu ikafika sebene, pale mwimbaji ananyamaza na gitaa linachukua nchi.

Mama yangu we! Sauti zilitoka mule ndani ya bafle, zile spika kubwa, zikikimbia kama watoto wametolewa shuleni! Mzee hatikisi hata bega, vidole tu! Watu wote juu! Sucré yangu ikamwagika, sikujali. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Miaka thelathini na mbili nimekaa nyumbani nasikiliza hii kitu ndani ya redio yenye betri mbili!

Bahati akanipigia kelele sikioni, "Enda umubandike!"

Desturi mnaijua: gitaa likikuingia, unapanda, unabandika noti kwenye paji la mpigaji, jasho linaishika. Nikatafuta mfukoni. Noti ya faranga mia tano. Moja. Ya zamani, imelegea kama jani la muhogo lililopikwa.

Nikapanda nikicheza. (Kucheza ni jina la heshima. Bahati anasema nilionekana kama mtu aliyeingiliwa na siafu.) Nikaibandika. Ikaanguka. Nikaiokota, nikaibandika. Ikaanguka tena. Ukumbi mzima unatazama. Basi nikafanya jambo ambalo nitalieleza hata siku ya hukumu: nikailamba ile noti. Kama timbre ya barua. Nikaipachika kwenye paji la mzee, na ili ishike vizuri, nikaipiga kofi. PA!

Ikashika. Miwani ndiyo ikaanguka.

Nikainama kuiokota. Na pale chini, mbele ya pua yangu, nikaona viatu. Vya kahawia. Ncha kali. Kamba nyeusi.

Kamba ya kijani.

Damu yangu yote ilirudi Kasenga kwa miguu. Nilibaki nimeinama. Ndiyo namna pekee ninayojua kukaa mbele ya yule mzee.

Gitaa halikusimama. Juu yangu nikasikia sauti tulivu, "Byamungu."

"Papa."

"Si weye njo ulisema hii ni mambo ya watu walikosa kazi?"

"Ndiyo, papa. Apana, papa!"

"Kazi iko. Na mushahara umeuleta weye mwenyewe, na mate yako."

Yote haya, mikro ya mwimbaji iko pale karibu. Yote! Atalaku, yule mwenye kazi ya kupaza majina ya watu katikati ya muziki, akairukia kama paka kwenye kichwa cha samaki:

"Mukwe! Mukwe Byamungu wa Kasengaaa! Ameanza kutoa mahari ku paji ya muzee! Mia tanooo!"

Na ukumbi wote ukaitika, "Mia tanooo!" Ikafanywa wimbo. Waliuimba muda mrefu kuliko ule wa mke wa ng'ambo. Bahati ndiye aliyekuwa akiuanzisha.

Nilitembea mpaka nyumbani. Mbwa hakunibwekea. Nadhani alinihurumia.

Usiku nikampigia Furaha. "Kwa nini hukuniambia kama papa anapigaka gitaa?"

"Ulikuwa umesema 'Kabisa'. Nikaona ningoje ujitoe mwenyewe."

"Na jibu ya kesho?"

Nikasikia anauliza mtu mule chumbani, na nyuma yake gitaa linapigwa taratibu, bila bafle. Kisha akarudi, anajizuia kucheka.

"Papa anasema kesho ukuje. Anasema mutu mwenye kupanda mbele ya watu wote sababu ya gitaa, huyo papa anaweza kumupatia binti. Lakini ukifika, safari hii umuangalie ku uso. Kwanza paji, unalijua tayari."

Basi nyie chekeni. Lakini mcheke mmeinamisha kichwa, kwa heshima: mnaongea na mkwe wa watu.