Kampeni ya Bwana Pilsworth Mferejini

Hivi wewe ungempa uenyekiti wa chama cha wavuvi mtu ambaye hajawahi kuvua samaki anayezidi urefu wa kiatu chake? Rodney Pilsworth aliona unapaswa kumpa, na ushukuru.

Ndiyo maana alikodi mashua ya mferejini, moja ya zile ndefu na nyembamba kama ukanda, zenye jiko, kitanda na mapazia ya maua, akamwalika mzee Wilf, katibu wa chama. Wanachama hupiga kura kule Wilf anakoelekeza kidevu. Wiki nzima ya kumwonyesha mzee jinsi bingwa anavyovua! Mkewe, Glenys, alikuja kuendesha, kupika na kunyamaza. Hilo la mwisho lilimshinda.

Rodney alipanda na fimbo tisa za kuvulia, kiti chenye droo, wavu wa kuhifadhia samaki, na kofia yenye ndoana nyingi kuliko samaki aliowahi kuwaona. Wilf alikuja na fimbo moja na kipande cha mkate.

"Mzee, kesho kabla ya chai wavu huu utakuwa umejaa," Rodney alitangaza.

"Samaki wamearifiwa?" Wilf aliuliza.

Jioni walifika kwenye ngazi ya maji, kile chumba cha mawe kinachojazwa ili mashua ipande hadi mfereji wa juu. Walipanda vizuri. Kilichobaki ni Rodney kuzungusha mpini wa chuma na kufunga kilango cha kupitishia maji, jambo ambalo mwenye mashua alikuwa amemweleza mara nne, mara ya mwisho kwa kumshika bega. Lakini macho ya Rodney yalishatangulia kwenye matete, anakovua bingwa.

"Umefunga kilango?" Glenys aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Mke wangu, mimi nilianza kuvua nikiwa na miaka sita."

"Sijakuuliza habari za kuvua. Nimeuliza kilango."

"Kimefungwa, kimefungwa. Niletee chambo."

Hakikufungwa. Na milango ya chini ya ile ngazi ilikuwa mikongwe, inavuja kama kikapu; usiku kucha maji ya mfereji wa juu yakapita hapo yakashuka.

Asubuhi Rodney aliamka amebanwa ukutani, mashua imelala ubavu. Akachukua fimbo, akatoka. Mfereji haukuwepo. Kulikuwa na matope, baiskeli mbili, toroli la dukani, na samaki wakitapatapa madimbwini.

Glenys alikuwa katikati yao, matope hadi magotini, gauni la kulalia amelifunga kiunoni, akiokota samaki kwa sufuria na kumpa Wilf awatie ndooni, wapelekwe kwenye maji ya chini. Akainama, akanyanyuka na samaki mrefu kama mkono wa mtu mzima, mwenye meno ya mbwa.

"Shika mkia, Wilf. Huyu anauma."

Wilf alimtazama samaki, kisha akamtazama Glenys. Juu, alikosimama Rodney na fimbo yake, hakutazama kabisa.

"Mama," alisema, "chama kinachagua mwenyekiti Alhamisi. Utakuwa na nafasi?"

"Nikishawamaliza hawa," alisema Glenys. "Rodney, weka chini hiyo fimbo, ulete ndoo nyingine."

Rodney akaleta ndoo.